Seva ya Bure Imegoma? Soma Leseni Kabla ya Kufungua Boksi

Seva ilikuwa inajizima kila baada ya saa moja. Tukalaumu umeme. Tukabadilisha UPS, ikajizima. Tukabadilisha pawasaplai, ikajizima. Tukafungua kifuniko, tukapangusa feni, tukachomoa RAM na kuirudisha mahali pake, na saa moja baadaye chumba kikawa kimya tena. Siku ya tatu mwenzetu mmoja alifungua kumbukumbu za matukio za Windows akakuta tukio namba 1074, na ndani yake jina la programu iliyoamuru kuzima: wlms.exe. Chini yake palikuwa na maelezo mafupi kwamba muda wa leseni ya usakinishaji huu umekwisha. Aliyeifunga seva ile alikuwa amepakua toleo la majaribio la siku 180, akaweka data za watu ndani yake, kisha akahamia kazi nyingine bila kuacha maandishi yoyote.

Mashine ilikuwa nzima muda wote. Ilikuwa inatekeleza mkataba.

Tangu hapo nimekutana na visa vya namna hii mara nyingi mno, na karibu vyote vinafanana: leseni ya programu iliyochukuliwa bure inafika ukingoni, dalili inakuja kwa sura ya ubovu wa mashine, na watu wanapoteza siku nzima wakihangaika na vyuma. Tangazo likisema "bure", limekutajia bei peke yake. Programu itumike kwa muda gani, ibebe data kiasi gani, ifanye kazi ya aina gani, imilikiwe na nani na ikae kwenye mashine ipi, yote hayo yamo kwenye mkataba ulioukubali kwa kubofya. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, na kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea zaidi.

## Kabla hujagusa chochote

Chukua nakala rudufu, uihifadhi nje ya seva hiyo. Baadhi ya hatua zilizo hapa chini zinawasha mashine upya, na mashine ambayo leseni yake ina tatizo inaweza kuzimika na isirudi kama ilivyokuwa.

Halafu andika toleo ulilonalo kwa ukamilifu. "Tuna SQL Server" (programu ya hifadhidata ya Microsoft) au "tuna Windows Server" haitoshi. Kuna toleo la majaribio, toleo la wasanidi programu, toleo dogo la bure na toleo la kulipia, na mara nyingi yote manne yanaonekana sawasawa kwenye skrini.

Mwisho, tafuta maandishi ya mkataba wa toleo hilohilo. Ukurasa wa kampuni mtandaoni leo unaeleza masharti ya leo, wakati wewe ulikubali masharti ya siku uliyosakinisha. Kwenye Windows maandishi hayo hukaa kwenye faili la license.rtf ndani ya C:\Windows\System32. Kwenye Linux ya Debian na jamaa zake angalia /usr/share/doc, ndani ya folda ya kifurushi husika, faili liitwalo copyright. Kwenye Fedora na Red Hat angalia /usr/share/licenses. Nakili faili hilo ulihifadhi pamoja na tarehe ya kusakinisha. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na siku ya ubishi ndiyo karatasi pekee utakayokuwa nayo mkononi.

## Dalili: seva inajizima yenyewe, kila mara baada ya muda uleule

Neno la kushika hapa ni "uleule". Mashine yenye pawasaplai mbovu au joto kali hujizima ovyo: leo baada ya dakika kumi, kesho baada ya saa tisa, na zaidi ikiwa na mzigo mkubwa. Ikijizima kwa mpango, kila saa moja, shuku leseni kwanza.

Chanzo kinachoongoza ni toleo la majaribio la Windows Server lililopitisha siku 180. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

slmgr /xpr

Litatokea dirisha dogo lenye tarehe ya mwisho. Ukitaka maelezo zaidi, tumia slmgr /dlv, ambayo pia inaonyesha umebakiwa na nafasi ngapi za kuanzisha upya kipindi cha majaribio. Kisha thibitisha toleo:

DISM /online /Get-CurrentEdition

Jibu likiishia na neno Eval, kama ServerStandardEval, umeshapata ugonjwa.

Chanzo cha pili kinawashangaza wengi: seva ina wiki mbili tu tangu isakinishwe na tayari inajizima. Toleo la majaribio linatakiwa kuamilishwa kupitia intaneti ndani ya siku 10 za mwanzo. Seva iliyofungiwa ndani ya mtandao usiotoka nje haiwezi kufanya hivyo, nayo huanza kujizima mapema. Ipe njia ya intaneti kwa muda mfupi, andika slmgr /ato, ngoja jibu, kisha ufunge njia.

Cha tatu, kinachotokea mara chache, ni saa ya mashine. Tarehe ikiwekwa vibaya na kuruka mbele miaka kadhaa, leseni itaonekana imekwisha. Angalia tarehe kabla ya kuamini jambo lolote lingine.

Sasa tiba. Kama unahitaji siku chache za kujipanga na /dlv inaonyesha bado una nafasi, slmgr /rearm kisha kuwasha upya itakupa kipindi kingine. Chukulia kipindi hicho kuwa muda wa kuhama. Wapo waliokitumia kama njia ya kukaa palepale, na walipoimaliza nafasi ya mwisho walikuwa na data mara tatu ya ile ya awali.

Tiba ya kudumu ni kununua leseni na kubadilisha toleo bila kusakinisha upya:

DISM /online /Set-Edition:ServerStandard /ProductKey:UFUNGUO-WAKO /AcceptEula

Seva itajiwasha upya, na inaweza kuchukua muda, kwa hiyo usiizime ukidhani imekwama. Amri hii hupanda ngazi, haishuki. Toleo la majaribio la Standard unaweza kulipeleka Standard au Datacenter, lakini lile la Datacenter halirudi kuwa Standard. Watu wengi huchagua Datacenter siku ya kupakua kwa sababu siku hiyo yote ni bure, halafu siku ya kulipa wanagundua wamejifungia kwenye ngazi ya bei ya juu zaidi. Kama unajaribu leo, jaribu toleo ambalo kesho utamudu kulinunua.

Simama hapa kama seva hiyo ni kidhibiti cha domeni cha Active Directory, yaani seva inayothibitisha majina na nywila za watumiaji wa mtandao mzima wa ofisi. Kidhibiti cha domeni kilichojengwa juu ya toleo la majaribio hakibadilishwi kwa amri hiyo. Inabidi ujenge seva ya pili yenye leseni halali, uifanye nayo kidhibiti cha domeni, uhamishe majukumu yote, uondoe jukumu hilo kwenye ile ya zamani, ubadilishe leseni, na ukitaka urudishe majukumu. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mtafute aliyewahi. Ukiikosea, hakuna mtumiaji hata mmoja ofisini atakayeweza kuingia kwenye kompyuta yake.

Na tafadhali, usirudishe saa nyuma ili kuidanganya leseni. Kerberos, mfumo unaothibitisha watumiaji kwenye domeni, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa za mashine. Ukirudisha saa miezi sita, umeivunja domeni, umeharibu vyeti vya usalama, na kumbukumbu za matukio hazitakuwa na maana tena. Vivyo hivyo na zile programu za mitaani zinazodai "kuamilisha" Windows: unaipa programu ya mtu usiyemjua mamlaka yote ya msimamizi juu ya seva yenye data za watu wengine. Nimeona seva iliyofanyiwa hivyo ikigeuzwa mtumwa wa kutuma barua pepe taka ndani ya wiki.

## Dalili: mashine pepe zinazoendelea zipo salama, lakini ukizima moja haiwaki tena

Onyo linatangulia hapa: ukiona dalili hii kwenye mashine pepe moja (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva halisi), usizime nyingine yoyote, wala usiwashe upya seva inayozibeba. Zilizo hai zitaendelea kuishi. Ukizima zote kwa pamoja "ili kusafisha mambo", huduma zote zitalala nawe hutakuwa na njia ya haraka ya kuziamsha.

Kwenye VMware ESXi, mfumo wa kuendesha mashine pepe, kipindi cha majaribio ni siku 60. Kikiisha, mashine pepe zinazoendelea hazikatwi, ila iliyozimwa au mpya haikubali kuwashwa. Ingia kwa SSH (njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali) uandike:

vim-cmd vimsvc/license --show

Utaona kama upo kwenye majaribio au una ufunguo, na ufunguo huo unaruhusu nini. Kama kipindi kimekwisha na huna leseni, tiba ni kuweka leseni halali kisha kuwasha mashine iliyogoma.

Ipo dalili ndugu ya hii inayowaumiza watu zaidi, na naieleza kwa kirefu kwa sababu haionekani mpaka siku ya msiba. Katika siku 60 za majaribio, kila kitu kimefunguliwa, ikiwemo njia ambayo programu za nakala rudufu huitumia kusoma na kupiga picha mashine pepe. Unasakinisha, unapanga nakala rudufu za kila usiku, unazijaribu, zinafanya kazi. Kisha unaweka ufunguo wa toleo la bure kwa nia njema kabisa. Toleo la bure linaacha njia hiyo iwe ya kusoma tu, na nakala rudufu zinaanza kushindwa usiku uleule. Kama hakuna anayesoma ripoti za asubuhi, miezi inapita. Kwa hiyo mara tu unapobadilisha kutoka majaribio kwenda bure, endesha nakala rudufu moja kwa mkono, uisubiri mpaka imalizike, kisha urudishe faili moja kutoka ndani yake.

Chanzo kingine ni mashine pepe kubwa kupita kiasi: toleo la bure linaruhusu prosesa pepe 8 kwa kila mashine pepe. Ile uliyoipa 12 wakati wa majaribio itakataa kuwaka. Punguza mpaka 8, itawaka.

Ofa hii yenyewe ni funzo. Broadcom, baada ya kuinunua VMware, iliondoa toleo la bure la ESXi mwezi Februari 2024, kisha ikalirudisha Aprili 2025 kwa toleo la 8.0 Update 3e. Aliyekuwa amepanga kufunga seva mpya katikati ya miezi hiyo alijikuta hana pa kushika. Hifadhi faili la usakinishaji na ufunguo wako mahali pako mwenyewe. Ukurasa wa kupakua ni wa kampuni, nao unaweza kufungwa bila wewe kuulizwa.

## Dalili: hifadhidata inasoma vizuri lakini inakataa kuandika

Watumiaji watasema "mfumo umeganda nikihifadhi". Ripoti za zamani zinafunguka, ankara mpya haiingii.

Anza na diski, maana ndiyo jibu la kawaida kuliko yote. Kama diski imejaa, toa takataka, umemaliza. Kama diski ina nafasi tele na SQL Server inatoa kosa namba 1827, umefika kwenye dari la leseni. SQL Server Express, lile toleo dogo la bure, kuanzia la 2008 R2 hadi la 2022, inaruhusu GB 10 kwa kila hifadhidata. Toleo la 2025 limepandisha dari hadi GB 50. Kwenye Oracle Database XE ya 21c, toleo dogo la bure la hifadhidata ya Oracle, dari ni GB 12 za data ya mtumiaji, na kosa lake ni ORA-12954.

Pima kwanza:

EXEC sp_spaceused

Kisha tafuta jedwali linalokula nafasi. Kwa uzoefu wangu mara nyingi huwa ni jedwali la kumbukumbu za matukio ambalo hakuna aliyewahi kulifuta, au picha na PDF zilizoingizwa ndani ya hifadhidata badala ya kuwekwa kwenye folda. Hamishia rekodi za zamani kwenye hifadhidata ya pili kwenye seva ileile. Dari ni la kila hifadhidata, si la seva nzima, kwa hiyo hatua hiyo ni halali kabisa. Faili zilizohifadhiwa kwa FILESTREAM (njia ya SQL Server ya kuweka faili kubwa moja kwa moja kwenye diski) nazo hazihesabiwi. Kupunguza faili kwa nguvu kunasaidia tu kama kuna nafasi tupu ndani yake. Kama data ni halisi, hakuna cha kupunguza.

Kama kuandika kunawezekana ila kila kitu ni polepole, kumbuka madari mengine. Express inatumia kumbukumbu ya MB 1410 tu kwa kuhifadhi data inayosomwa mara kwa mara, na viini vya prosesa visivyozidi 4. Ukiongeza RAM kutoka GB 16 hadi 64 hutaona tofauti, kwa kuwa leseni haitaigusa. XE ya Oracle nayo inaishia GB 2 za RAM na nyuzi 2 za prosesa. Usinunue chuma kabla ya kusoma namba hizi.

Jambo jingine: Express haina SQL Server Agent, kile kipengele cha kuendesha kazi kwa ratiba. Aliyehama kutoka toleo la majaribio akidhani ratiba zake za nakala rudufu zimehama naye, hana nakala rudufu. Tumia Task Scheduler ya Windows pamoja na sqlcmd, chombo cha kuendesha amri za SQL Server.

Sasa kama huduma nzima ya SQL Server imekataa kuwaka na kumbukumbu zinaonyesha kosa 17051, hilo ni toleo la majaribio lililofikisha siku 180. Data yako haijafutwa. Faili za .mdf zinazoibeba zipo palepale. Endesha programu ya usakinishaji ya SQL Server, ingia sehemu ya matengenezo, chagua kubadilisha toleo, weka ufunguo wa leseni uliyoinunua. Toleo la majaribio linaweza kubadilishwa kuwa Standard au Enterprise, lakini halishuki kuwa Express. Anayetaka Express atasakinisha Express pembeni na kuunganisha hifadhidata zake huko, mradi hazijavuka dari na hazitumii vipengele vya Enterprise. Kwa hilo la mwisho, kabla ya muda kuisha uliza kila hifadhidata:

SELECT * FROM sys.dm_db_persisted_sku_features

Ikirudisha mistari yoyote, simama, mwite mtaalamu wa hifadhidata kabla ya kuhamisha.

## Dalili: masasisho hayaji, au ghala la vifurushi linajibu 401

Ghala la vifurushi ni seva ambayo Linux hupakulia programu na masasisho. Namba 401 maana yake seva hiyo imelipata ombi lako lakini imelikataa kwa kuwa hukutoa kitambulisho inachokikubali. Kwa hiyo intaneti yako ni nzima.

Kisa kinachojulikana zaidi ni Proxmox VE, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe. Programu yenyewe ni chanzo huria chini ya leseni ya AGPL toleo la 3, bure kweli, bila tarehe ya mwisho. Lakini ikisakinishwa huelekezwa kwenye ghala la wateja wanaolipa. Zima ghala hilo kwenye /etc/apt/sources.list.d, kwenye faili la pve-enterprise, na ukumbuke kuzima pia ghala la Ceph (mfumo wa kuhifadhi data) la wanaolipa, maana ndilo watu husahau na kuendelea kuona 401 ileile. Kisha weka pve-no-subscription. Hapo hujavunja sharti lolote. Ila wenye Proxmox wanaeleza kwamba vifurushi vya ghala hilo havipimwi kwa kiwango kilekile, na hawalipendekezi kwa seva za kazi halisi. Kama seva inabeba mishahara ya watu, fikiria kulipa.

Cha pili ni usajili uliopitwa na mwaka. Red Hat inatoa usajili wa bure kwa msanidi binafsi, hadi mifumo 16, na tangu Februari 2021 unaruhusiwa hata kwa kazi halisi. Unatakiwa kuuhuisha kila mwaka. Andika subscription-manager status uone. Usajili huo hupewa mtu, haupewi kampuni. Wafanyakazi kumi hawawezi kujumlisha zao wakapata mifumo 160 ya mwajiri.

Cha tatu, mtoaji amebadili mawazo. CentOS Linux 8, Linux ya bure iliyotumika kwenye seva nyingi, ilitarajiwa kupata masasisho hadi 2029. Ikakatwa tarehe 31 Desemba 2021. Hapo hakuna amri ya kurekebisha kitu, kuna kuhama tu.

Halafu kuna hali iliyo kinyume, ambayo naiogopa zaidi: masasisho yanakuja vizuri, na ndani yake kuna mkataba mpya. Chukua Java ya Oracle. Java 8 hadi sasisho 202 ilikuwa na masharti ya zamani. Kuanzia sasisho 211 la tarehe 16 Aprili 2019 masharti yalibadilika, na matumizi ya kibiashara kwenye seva yakahitaji kulipiwa. Java 17 ilikuja 2021 ikiwa bure hata kwa kazi halisi, lakini bure hiyo ikakoma kwenye 17.0.12, na masasisho ya Oktoba 2024 na kuendelea yakarudi kwenye leseni ya kulipia. Msimamizi mwangalifu anayesasisha kila robo mwaka, anayefanya hasa kile tunachomhimiza afanye, alivuka mpaka huo bila kuona kibao. Andika java -version kwenye kila seva, linganisha na namba hizo. Ukijikuta umevuka, njia rahisi ni kuhamia ujenzi wa OpenJDK (Java ya chanzo huria) kama Eclipse Temurin, ambao upo chini ya leseni huria ya GPL yenye ruhusa maalumu ya kuunganisha programu zako. Kwa programu nyingi za kawaida unabadilisha njia ya folda tu, basi.

Kwa miradi ya chanzo huria iliyobadili leseni, mfano MongoDB mwaka 2018, Elasticsearch 2021, Terraform 2023 na Redis 2024, kumbuka kwamba mabadiliko hugusa matoleo mapya. Toleo la zamani ulilonalo linabaki na leseni yake. Lakini toleo la zamani halitapata viraka vya usalama milele, kwa hiyo lazima uamue: kukubali masharti mapya, au kuhamia tawi lililobaki huru, kama OpenSearch, OpenTofu au Valkey.

## Dalili: ufunguo uliokuwa unafanya kazi unakataliwa kwenye mashine mpya

Mara nyingi ufunguo ni mzima, ila umewekwa kwenye toleo lisilo lake. Ufunguo wa kununua haukubaliki kwenye dirisha la mipangilio la toleo la majaribio la Windows Server. Unapita kwa ile amri ya DISM hapo juu. Kama si hivyo, soma kifungu cha kuhamisha: funguo nyingi za ofa zimefungwa kwenye mashine ya kwanza. Na wakati mwingine ufunguo umefungwa kwenye akaunti ya barua pepe ya mtu aliyeondoka kazini. Sajili ofa zote kwa anwani ya ofisi, kamwe si ya mtu.

## Dalili: kila kitu kinafanya kazi, lakini imekuja barua ya ukaguzi

Hakuna kosa kwenye skrini. Kuna barua tu, ya upole, ikiomba orodha ya usakinishaji wenu.

Kinacholeta barua hizi zaidi ni toleo sahihi kwa kazi isiyo sahihi. SQL Server Developer ina kila kitu kilichomo kwenye Enterprise, bure, bila kikomo cha muda, kwa sharti la kutotumika kwenye kazi halisi. Haitajizima wala haitalalamika. Thibitisha:

SELECT SERVERPROPERTY('Edition')

Kisha VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe kwenye kompyuta ya kawaida. Yenyewe ni GPL, tumia utakavyo. Kifurushi chake cha nyongeza kina leseni nyingine, ya matumizi binafsi, elimu na majaribio. Watu hubofya vyote viwili kwenye ukurasa uleule ndani ya dakika moja. Andika VBoxManage list extpacks kwenye kila mashine ya ofisi. Kama hukihitaji, kiondoe leo, kabla barua haijafika.

Ukisoma masharti, chunga maneno haya. "Majaribio" yana maana ya kupima kama utanunua, si kuhudumia wateja wakati unapima. "Matumizi binafsi" hayageuki kuwa ya ofisi kwa sababu kompyuta ni yako. "Matumizi ya ndani" kwa kawaida hukataza kuwauzia wengine huduma inayoendeshwa na programu hiyo. "Si ya kuuzwa" ni nakala iliyotolewa kwa maonyesho na mafunzo, hata kama aliyekupa ni wakala halali.

Simama kabisa mara barua ikifika. Usifute programu, usiandike hesabu yoyote kwenye jibu, usikubali kuendesha zana ya kukusanya taarifa waliyoituma. Kufuta baada ya kupokea barua kunaweza kusomeka kama kuficha ushahidi. Ipeleke kwa mwanasheria anayejua mikataba ya programu pamoja na ile nakala ya license.rtf, tarehe za kusakinisha, na orodha ya seva iliyopangwa kwa jina, toleo na kazi inayofanya. Jibu la kwanza liandikwe naye, likiomba kitu kimoja tu: waonyeshe kifungu cha mkataba ulioukubali wewe, kwa toleo ulilosakinisha wewe, kinachowapa haki ya kukagua.